Mstari wa Arobaini na Moja

Mkeka ulirudishwa Alhamisi asubuhi, wanawake wakiwa bado wanafunga vitambaa vya kichwa. Mlango wa chumba cha majaribio ulifunguka, msimamizi akatoka amebeba fremu kwa mikono miwili, kaiweka mbali na kifua kama mtu aliyepewa kubeba mtoto wa wenyewe aliyelowa. Akapita meza ya kwanza. Akapita ya pili na ya tatu, na kila meza aliyoipita ilishusha pumzi. Kwenye ya nne akasimama.

"Mkeka umekataa," akasema.

Shangazi aliweka kiganja juu ya fremu, akapapasa ukingo wake. Mtu aliyeamka saa kumi na moja alfajiri kwa miaka ishirini na mitano hana haraka ya kupokea habari mbaya. Habari mbaya inajua kusubiri.

"Umekataa wapi?" aliuliza mpwa wake, aliyekaa ng'ambo ya meza.

"Mstari wa arobaini na moja, pete ya nne. Waya umepita ndani, ulitakiwa kupita nje." Msimamizi alijipangusa paji la uso kwa mkono wa shati. "Wiki nane, mama zangu. Wiki nane za kazi, kwa pete moja."

Kila mtu chumbani alimwita Shangazi, ingawa alikuwa shangazi wa mmoja tu, huyo binti wa kaka yake. Binti aliita Shangazi asubuhi, akaita Shangazi mchana, mpaka wanawake thelathini wakaambukizwa. Hata msimamizi, mtu mwenye mvi zake, aliita hivyo hivyo, na Shangazi alikuwa akimwuliza, "Wewe ni mtoto wa kaka yangu yupi, yule aliyezaa kabla hajazaliwa?" Siku hiyo hakumwuliza.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Miaka ile kompyuta haikukaa mezani wala mfukoni. Ilijaza chumba kizima, ikitoa joto kama tanuri, na yale mambo ambayo haikutakiwa kuyasahau hata umeme ukikatika yalifumwa kwa mkono. Pete za chuma, ndogo kama punje za mtama, zilipangwa kwenye fremu safu kwa safu. Ukaja waya mwembamba kama unywele. Waya ukipita ndani ya pete, mashine ilisoma moja. Ukipita nje ya pete, ilisoma sifuri. Neno la tatu hakuna. Fundi wa mitambo aliwaeleza siku ya kwanza, akijivuna kidogo, kwamba mashine hiyo pamoja na akili zake zote inajua kusema mawili tu, ndiyo na hapana.

"Basi imemshinda marehemu mume wangu," Shangazi alisema. "Yeye alijua moja tu, 'ngoja'."

Wanawake walicheka mpaka fundi akakunja karatasi zake akaenda zake. Tangu hapo fremu iliyojaa waya wakaiita mkeka, na mafundi nao wakaja kuiita mkeka.

Jengo lilikuwa kiwanda cha mashati zamani. Shangazi alishona kola humo miaka kumi na tisa. Mashati yalipokosa soko, cherehani zikauzwa, wakaja hawa watu wa pete na nyaya wakitafuta wafumaji. Hawakuuliza mtu kasoma mpaka darasa la ngapi. Walisema, nyoosha vidole tuone. Shangazi akanyoosha, akapata kiti siku hiyo hiyo. Miaka miwili baadaye binti wa kaka yake alipomaliza shule, akamleta naye.

Walifuma wawili wawili, fremu imesimama katikati. Wa mbele ndiye mfumaji. Alisoma karatasi, akapitisha sindano. Wa nyuma ndiye mpokeaji. Aliipokea, akahakikisha imetokea mahali pake, akairudisha. Kila mmoja alikuwa na karatasi yake ya mistari, moja na sifuri, moja na sifuri, kurasa na kurasa. Kuzungumza kulikatazwa, maana sauti ya meza moja huharibu hesabu ya meza nyingine. Chumba kizima kilikuwa kimya kama watu wamenuniana.

Sasa, Shangazi alikuwa haoni karatasi.

Pete aliziona. Ziling'aa chini ya kioo cha kukuzia na taa, na pale jicho liliposhindwa ncha ya kidole ilimaliza. Lakini maandishi ya karatasi yalikuwa yamegeuka ukungu tangu mwaka uliopita. Daktari alimmulika akasema ni mtoto wa jicho, yupo huku na huku, bado mchanga, asubiri akomae ndipo wamtoe.

"Sikujaliwa mtoto tumboni," Shangazi alimwambia binti njiani, "nimejaliwa wawili machoni. Tena uzeeni."

Binti hakucheka. Alitazama viatu vya Shangazi, akasema, "Kesho uvue viatu, Shangazi."

Na hivyo ndivyo walivyoanza. Chini ya meza binti alinyoosha mguu wake mpaka ukagusa mguu wa shangazi yake. Dole gumba likibonyeza mara moja, ni ndani. Likibonyeza mara mbili, ni nje. Binti alisoma karatasi, mguu ukasema, mkono wa Shangazi ukatenda. Hakuna aliyesikia, hakuna aliyeona. Mikeka minne ilifumwa hivyo, ikaingia chumba cha majaribio, ikatoka na muhuri. Tatizo ni kwamba macho ya binti yalikuwa mawili tu, na yote yalikuwa kwenye karatasi. Jicho la kuitazama sindano inapotokea halikuwepo.

Mikeka yote ya miaka hii miwili ilikuwa ya aina moja, ya mashine moja. Shangazi alishafuma kumi na mmoja, na mtu akifuma kitu kile kile mara kumi na moja, hakisomi tena, anakiimba. Alikuwa akioga anakiimba. Wa kumi na mbili ulipokuja, waandishi wa karatasi walikuwa wamebadilisha mahali pamoja tu. Mstari wa arobaini na moja, pete ya nne. Zamani ilikuwa ndani, sasa ni nje.

Alikumbuka saa yenyewe. Ilikuwa baada ya chakula cha mchana, kiuno kinawaka, kichwa kizito. Dole liligonga mara mbili. Alilisikia, hakuwa na ubishi na hilo. Lakini mkono ulikuwa umeshapita kwa njia yake ya zamani, kama punda anayejua nyumbani, naye akaona uvivu hata kujiuliza. Sindano ikaenda, ikarudi. Sasa nyaya mia zimelala juu ya ule mmoja, na mkeka haufumuliwi. Ukivuta mmoja umelegeza wote.

Msimamizi alikaa kwenye kona ya meza, akatoa fomu mfukoni, akainyoosha juu ya goti.

"Fomu hii ina mstari mmoja," alisema. "Nimeigeuza nyuma na mbele, ni mmoja tu. Jina la aliyekosea. Si majina. Nani kati yenu?"

"Mimi," alisema binti.

Alisema upesi mno, kama mtu aliyekaa na jibu mdomoni.

Meza za jirani zilisimamisha sindano. Kila mtu alijua kilichobandikwa ubaoni karibu na mlango. Yalikuwa majina matatu ya watu waliochaguliwa kuingia darasani Jumatatu, kujifunza kuandika zile karatasi zenyewe, kuiambia mashine la kufanya. Wawili walikuwa wanaume kutoka ofisi ya michoro. Wa tatu alikuwa binti wa meza ya nne, aliyewashinda wote kwenye mtihani. Na chini ya majina hayo, kwa wino mwekundu, sharti liliandikwa kwamba mwenye fomu ya kosa katika miezi mitatu hatapokelewa.

"Wewe?" Msimamizi alimtazama binti, akatazama ubao. "Unajua unachosema?"

"Sindano ilinijia pabaya, sikuangalia, nikairudisha. Mpokeaji ndiye mkaguzi."

"Na mfumaji ndiye anayesoma." Msimamizi alimgeukia Shangazi. "Na wewe mama, huna neno?"

Shangazi alikuwa na maneno mengi, lakini yote yalikuwa yamechoka. Mtu mwenye fomu ya kosa na umri kama wake hupelekwa kupimwa macho. Akipimwa macho, kiti kimekwenda. Na chini ya meza, dole gumba la binti lilikuwa limeukanyaga mguu wake, halibonyezi moja wala mbili, limekandamiza tu. Nyamaza.

"Nipe mpaka kesho," Shangazi alisema.

Msimamizi alikunja fomu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na mabosi juu yake na wafumaji thelathini chini yake, na usingizi wake ulikuwa mdogo. "Kesho asubuhi," alisema. "Nitakuja na karatasi, Shangazi, nawe utanisomea huo mstari mwenyewe. Ukiusoma sawasawa, nitaamini hukukosea wewe, jina litakuwa la huyu. Usipousoma, tumejua."

Jioni walirudi nyumbani, vyumba viwili na jiko, na binti hakungoja hata Shangazi avue kitambaa.

"Sema nami. Ndani, ndani, nje, nje, nje, nje, ndani, ndani."

"Acha kwanza nikae."

"Kaa huku unasema."

Shangazi akakaa. "Ndani, ndani, nje, ndani..."

"Nje! Ya nne ni nje."

"Mdomo unajua njia yake."

"Ufundishe nyingine." Binti alikuwa akiosha masufuria kwa hasira, maji yanaruka mpaka ukutani. "Tena."

Walirudia mara nyingi kiasi kwamba jirani aligonga ukuta akauliza kama wanapanga kuhama, maana anasikia ndani na nje tu. Hapo binti alicheka kidogo, bila kupenda. Kufikia sufuria la mwisho, Shangazi aliusema mstari mpya mara sita mfululizo bila kujikwaa.

"Umeona?" binti alisema. "Kesho unashika karatasi, unasema hivyo, basi. Unabaki na kiti chako mpaka hao watoto wa jicho wakomae, watolewe, uone tena."

"Na darasa?"

"Darasa litakuwepo mwakani."

"Nani kakwambia?"

"Watu wanasema."

"Watu hao hao walisema mashati hayawezi kuisha duniani."

Binti alipangusa mikono, akaja akachuchumaa mbele yake. Alikuwa na uso wa baba yake, hasa akiwa hakubali kitu. Kaka alikufa binti akiwa na miaka sita, mtoto akaletwa mlangoni na begi moja na kikohozi, na tangu siku hiyo hawajalala nyumba mbili.

"Shangazi, ukikaa hapa peke yako mchana kutwa utafanya nini? Utahesabu kuta?"

"Ziko nne. Nitamaliza mapema."

"Mimi sifanyi mzaha."

"Najua, mama. Mimi pia sifanyi. Ni uchovu tu, unatoka kama mzaha."

Binti alimwekea mkono gotini. "Niahidi utausoma."

"Nitausoma," Shangazi alisema, akafungua kitambaa chake cha kichwa.

Asubuhi ya Ijumaa chumba kilikuwa kimekaa kabla ya wakati. Hakuna aliyechelewa, hata yule wa meza ya tisa ambaye kuchelewa ilikuwa dini yake. Msimamizi alikuja na karatasi, akaiweka mikononi mwa Shangazi, akasimama pembeni na karatasi yake nyingine ya kulinganisha.

"Mstari wa arobaini na moja," alisema. "Taratibu. Hakuna anayekufukuza."

Shangazi aliishika. Ilikuwa nyeupe, na ndani ya weupe huo kulikuwa na kijivu, kama pumzi kwenye kioo. Akashusha kidole kana kwamba anatafuta mahali. Kidole kikasimama popote tu.

Kichwani mwake alisikia mistari miwili. Mmoja wa zamani, umelala kama mbwa wa nyumbani. Mmoja mpya, umesimama mlangoni, jana tu kauzoea. Alihitaji kuufungulia mmoja. Mguu wa binti haukuwa chini ya meza. Msimamizi alikuwa amemwambia asimame kule dirishani.

"Ndani," alisoma Shangazi. "Ndani. Nje."

Akavuta pumzi. Kule dirishani binti hakuwa akipumua.

"Ndani," akasema. "Nje. Nje. Ndani. Ndani."

Akaishusha karatasi mapajani.

Msimamizi alitazama karatasi yake, akamtazama yeye, akatazama tena karatasi. "Rudia."

Akarudia, bila haraka, sauti ile ile, neno kwa neno.

"Huo ni mstari wa zamani," msimamizi alisema polepole. "Huo haumo kwenye hiyo karatasi. Huo ulibadilishwa."

"Basi ndivyo nilivyoufuma. Sisomi karatasi, baba. Nafuma kwa kichwa."

"Tangu lini?"

"Tangu mkeka wa nane. Macho yangu yamefunga."

"Na ile minne ilipita majaribio yote?"

"Uliza huko kwenye majaribio. Mimi nilikuwa naimba tu."

Mtu mmoja alicheka, akajiziba mdomo. Msimamizi alikaa. Alionekana kama mtu aliyeambiwa kwamba dereva wa gari alilopanda mwaka mzima alikuwa kasinzia, na hakuna hata siku moja waliyogonga.

"Na huyu?" alimwonyesha binti. "Alijua?"

"Huyu? Huyu na ubishi wake, angejua angeninyamazia? Nilimdanganya kama nilivyowadanganya nyinyi. Sindano ikimjia, anajua imetoka kwa mtu aliyesoma."

"Mwongo!" Binti alitoka dirishani kwa kishindo, akagonga kiti kikaanguka. "Shangazi, wewe ni mwongo! Mwongo mkubwa!"

Chumba kizima kilishtuka. Katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumsikia akimpandishia sauti yule mama, sembuse kumwita hivyo mbele ya watu. Alitaka kuendelea, lakini kilio kilimwahi, akabaki anatikisa kichwa na kunyoosha kidole.

Msimamizi aliona alichokiona. Aliona binti aliyedanganywa na aliyemlea, na uchungu wa kudanganywa. Akatikisa kichwa kwa huruma.

"Pole, binti," alisema. "Inauma. Kaa chini." Kisha akaiweka fomu mezani, akaandika jina moja kwenye ule mstari mmoja.

Lakini Shangazi asisifiwe kupita kiasi. Alipoisikia kalamu inakwaruza karatasi, kilichoshukuru kwanza kilikuwa kiuno chake. Nusu ya alichofanya ilikuwa upendo. Nusu nyingine ilikuwa ni mtu aliyeona kiti cha mbao kikiondoka, na hakuwa na nguvu za kukikimbilia.

Alipewa mpaka saa sita mchana awe ameondoka. Wanawake walikuja mmoja mmoja kumshika mkono. Wa meza ya tisa alisema, "Sasa nani atatuchekesha?" akajibiwa, "Jitahidini wenyewe, mimi nimestaafu." Msimamizi alimsindikiza mpaka mwanzo wa ngazi, akamshika kiwiko kwa sababu ngazi zilikuwa na giza, na hapo ndipo Shangazi alipofahamu kwamba kuanzia sasa watu watamshika kiwiko. Hakukitoa.

Binti alirudi jioni, akampita Shangazi, akaenda moja kwa moja jikoni. Hakusema shikamoo. Alipika, akapakua, akaweka sahani ya Shangazi mahali mkono utakapoifikia, akala yake amesimama jikoni. Jumamosi hakusema shikamoo. Jumapili vilevile. Tangu alipoletwa na begi lake hajawahi kukosa hata siku moja, hata alipokuwa mgonjwa aliitamka chini ya blanketi. Shangazi hakuidai. Salamu ya kudai haina ladha, na isitoshe, msichana alikuwa na haki yake. Alitaka kutoa kitu kikubwa, akanyang'anywa mkononi mbele ya watu. Zaidi ya hayo, kila mtu kule kazini alikuwa akimpa pole kwa uongo usiokuwepo, na ule uliokuwepo hawezi kuusema.

Jumapili jioni Shangazi alisema kuelekea upande aliokuwa binti, "Karatasi zao wanaandika kwa kalamu ya namna gani huko?"

Binti aliendelea kupanga sahani.

"Nauliza tu."

"Sijui," binti alisema. "Sijaenda bado."

Bado. Shangazi alilichukua hilo neno, akaenda nalo kulala.

Jumatatu aliamka saa kumi na moja, kama kawaida, maana mwili hauna habari na fomu. Akakaa ukingoni mwa kitanda, miguu chini, mikono mapajani, akasubiri kukumbuka anakwenda wapi. Haendi popote. Upande wa pili wa ukuta alisikia ndoo, kisha kitana, kisha viatu, sio vile vya kuvua chini ya meza, vile vya kufunga kamba. Alisikia mlango wa mbele ukifunguliwa. Ukafungwa. Hatua zikaenda.

Alikaa hivyo hivyo. Hakulia. Kulia nako ni kazi.

Hatua zikarudi. Mlango ukafunguka kwa nguvu, binti akaingia mpaka chumbani akiwa anahema, akasimama pale mlangoni. Shangazi aliona kivuli kirefu tu, na kitu cheupe kifuani, labda daftari.

"Nimechelewa tayari," binti alisema, kama anayegombana.

"Basi nenda."

"Nakwenda." Hakwenda. "Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu."

Mlango ukafungwa, na safari hii hatua zilikuwa za kukimbia. Shangazi alisikiliza mpaka zikaisha. Kisha akainua miguu, mmoja mmoja, akairudisha kitandani, akajifunika mpaka mabegani, na kulala mpaka jua likawa katikati ya dirisha.